Kumtibu paka wa kuokota bila kufilisika: mwongozo kwa wakazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Anayemwokota paka mtaani mara nyingi hutumia shilingi zake za kwanza mahali pasipostahili. Hununua maziwa yatakayomharisha paka, dawa ya viroboto iliyotengenezewa mbwa na vidonge alivyoshauriwa na jirani, na siku paka anapomhitaji daktari kwelikweli, mfuko huwa umekwisha kukauka. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapokea paka hapa Kisumu, wengi wao kutoka upande wa soko la Kibuye na wachache kutoka ufuo wa Dunga, na nimeona kwamba si ugonjwa wenyewe unaowamaliza watu pesa, bali ni kuyafanya mambo kinyume cha utaratibu wake. Kwa hiyo nitaanza na yasiyogharimu kitu, nije kwenye yale ya bei ndogo yanayozuia makubwa, kisha nifike kwenye upasuaji wa uzazi, ambao ndio gharama ninayomsihi kila mtu aanze kuiwekea akiba siku ileile anapomfungulia paka mlango.

Siku za kwanza

Mtenge paka mgeni katika chumba kimoja, hata kiwe bafu au stoo, akiwa na katoni iliyotandikwa nguo kuukuu, bakuli la maji na trei ya kujisaidia. Maranda utayapata kwa seremala yeyote kwa bei ndogo au bure, na mchanga mkavu pia unafaa. Ikiwa una paka wengine, watengane naye kwa majuma mawili, kila upande ukiwa na vyombo vyake, nawe unawe mikono kwa sabuni kila utokapo kwake. Sababu kubwa ya tahadhari hiyo ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaofanana na parvo ya mbwa, ambao huwaua paka wadogo kwa kutapika na kuhara ndani ya siku chache. Virusi vyake vinaweza kudumu sakafuni hata mwaka mzima na sabuni ya kawaida haiviui. Vinakufa kwa Jik, sehemu moja ya Jik katika sehemu 20 za maji, ikiachwa juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa kwa muda wa dakika kumi na kisha kusuuzwa. Usitumie Dettol mahali anapolala au anapokanyaga paka, wala usimwogeshee, kwa maana kemikali za jamii ya fenoli zilizomo ndani yake ni sumu kwake, naye hujilamba kila kinachogusa manyoya.

Mshike kwa taulo nene. Akikuuma au kukukwaruza hadi damu itoke, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyohiyo ukaulizie sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama paka ataugua, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Paka mwenyewe asifukuzwe wala kuuawa, bali afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi, na afisa wa mifugo aarifiwe.

Akishatulia, mchunguze kwa macho na vidole kabla ya kumlipa mtu yeyote. Inua mdomo wa juu uangalie fizi: za paka mzima ni za rangi ya waridi, na zikiwa nyeupe zinaashiria upungufu wa damu, ambao kwa paka mdogo mara nyingi huletwa na viroboto na minyoo. Tazama macho, pua, ndani ya masikio, ngozi ya shingo na eneo la chini ya mkia. Mpime uzito, maana dawa zote hupimwa kwa kilo. Mdogo hupimika kwenye mizani ya duka la mtaa akiwa ndani ya kikapu, na mkubwa utambeba ukiwa juu ya mizani ya watu, kisha utoe uzito wako. Andika tarehe na uzito katika daftari. Daftari hilo la shilingi chache limeniokolea pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa daktari anayekuta historia iliyoandikwa hahitaji kubahatisha.

Zipo hali ambazo hazivumilii subira wala kupatana bei. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo ameziba njia, naye anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Paka anayepumua kwa mdomo wazi, mwenye fizi nyeupe au za buluu, anayetapika mfululizo, au aliyegongwa na gari, apelekwe saa hiyohiyo. Paka mkubwa, hasa mnene, aliyekaa siku mbili bila kula chochote pia yumo hatarini, kwa sababu mafuta ya mwili huanza kujazana katika ini lake.

Watoto wasio na mama

Kosa la kwanza ni kuwaokota mapema mno. Ukiwakuta wamelala kimya na wamejaa tumbo, jitenge uwaangalie kwa mbali kwa saa kadhaa, kwani huenda mama amekwenda kutafuta chakula, na hakuna maziwa unayoweza kununua yatakayowafaa kama yake. Ikibainika kwamba ametoweka, joto ndilo linalotangulia chakula. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kusaga maziwa, na kumlisha akiwa baridi kunaweza kumuua. Jaza maji moto katika chupa ya plastiki, uizungushie kitambaa, umweke kando yake mpaka tumbo na makanyagio viwe na vuguvugu, ukimwachia nafasi ya kujisogeza asiungue. Mkazi wa Kisumu anaweza kudhani kwamba hali yetu ya hewa inatosha, lakini usiku wa mvua humpoza mtoto wa siku tano upesi sana, na wa Nakuru, Njoro au Molo wanapaswa kubadilisha chupa hiyo usiku kucha.

Maziwa ya ng'ombe peke yake yana protini na mafuta machache mno kwa paka, tena humharisha. Maziwa ya unga ya watoto wa paka hupatikana katika baadhi ya kliniki na maduka ya vyakula vya wanyama. Ukisubiri kuyapata, kikombe cha maziwa freshi yaliyochemshwa na kupozwa, yakichanganywa na kiini cha yai moja, kinaweza kuwavusha siku moja au mbili, si zaidi. Mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, kamwe usimlaze chali, la sivyo maziwa yataingia mapafuni. Kabla ya majuma matatu hawezi kujisaidia mwenyewe, hivyo baada ya kila mlo umpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe. Mtoto mwenye afya huzaliwa akiwa na gramu kama 100, naye huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku. Akikosa kuongezeka kwa siku nzima, hiyo ndiyo dalili ya mapema kabisa utakayoipata.

Dawa za bei ndogo zinazoua

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole. Paka wa pili niliyemchukua alikuwa na homa, nami kwa kumhurumia nilimpa nusu ya kidonge cha paracetamol, kama ambavyo ningempa mtoto. Kufikia jioni fizi zake zilikuwa za rangi ya kahawia na uso umevimba, na kulipokucha alikuwa amekufa. Nilijifunza baadaye kwamba ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya kinachoiondoa dawa hiyo mwilini, kwa hiyo hugeuka sumu inayoharibu damu yake, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka mzima. Aliyekwisha kufanya kosa hilo asikae kwa aibu. Akimbie kwa daktari na kumweleza wazi, kwa sababu ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo ikiwahiwa. Ibuprofen, diclofenac na aspirini nazo zisikaribie kinywa cha paka bila amri ya daktari.

Hatari nyingine inatoka kwenye agroveti, ambako rafu zimejaa dawa za ng'ombe. Dawa za kuogeshea mifugo zenye amitrazi, na zile za jamii ya pairethroidi kama vile cypermethrin na deltamethrin, humfanya paka atetemeke, atokwe na mate na kupata degedege. Vivyo hivyo dawa za mbwa za kudondosha shingoni zenye permethrin: hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa hivi punde anaweza kudhurika. Albendazole, dawa ya minyoo iliyozoeleka sana kwa ng'ombe na mbuzi, inaweza kuharibu uboho wa paka unaotengeneza damu. Ivermectin huweza kutibu upele wake, lakini ile ya ng'ombe ni kali kiasi kwamba tone la ziada linatosha kumdhuru mtoto wa paka, kwa hiyo ipimwe na daktari baada ya paka kupimwa uzito. Mafuta ya taa, ambayo wazee wetu waliyapaka kwa nia njema, huunguza ngozi na kuingia mapafuni anapojilamba.

Sisemi agroveti haifai. Wengi wanaohudumu huko wamesomea afya ya mifugo na hukusaidia kwa moyo mmoja. Ninachosema ni kwamba usiingie na kuomba "dawa ya paka" tu. Taja umri na uzito, uliza jina la kemikali iliyomo, na usome kwenye kibandiko kama paka ametajwa kwa jina. Asipotajwa, usinunue.

Kumpata daktari bila kulipia safari peke yako

Tangu sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, anayetibu wanyama kwa malipo anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, nawe una haki ya kuomba kuiona leseni yake. Kwa wakazi wa Nakuru, inafaa kukumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro kina kitivo cha udaktari wa mifugo, kwa hiyo kuulizia huko kuhusu huduma za wanyama wadogo ni hatua ya busara kabla ya kufunga safari ya Nairobi. Kila kaunti ina idara ya mifugo, na afisa wake katika kaunti ndogo hukueleza ni lini na wapi chanjo ya kichaa cha mbwa itatolewa kwa bei ya chini au bila malipo. Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti tano za kwanza kuteuliwa katika mpango wa kitaifa wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huo. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ingawa mbwa ndio wanaolengwa zaidi, uliza kama paka naye anapokewa, kisha umbebe ndani ya kikapu kilichofungwa, mbali na foleni ya mbwa.

Gharama kubwa ya daktari mashinani mara nyingi ni mwendo wake. Huku kwetu Manyatta tulikusanyika majirani sita wenye paka, tukamwomba daktari aje asubuhi moja kuwachanja na kuwapa dawa ya minyoo wote, na nauli yake tukaigawana. Baadaye kikundi hicho kikawa chama kidogo cha kuchanga kila mwezi kwa M-Pesa, na pesa hizo zimelipia upasuaji mmoja baada ya mwingine. Ukiwa peke yako na pesa hazitoshi, mwambie daktari kiasi ulicho nacho kabla hajaanza, kisha umwulize swali hili: kati ya haya unayopendekeza, ni lipi lisipofanywa leo litamwua? Sijawahi kukutana na daktari aliyekasirishwa na swali hilo, na jibu lake limenisaidia kuahirisha vipimo vingi visivyobadili matibabu.

Minyoo, viroboto, ngozi na chanjo

Mchukulie kila paka wa kuokota kuwa ana minyoo. Watoto huipata kupitia maziwa ya mama, kwa hiyo huanza dawa wakiwa na majuma matatu, wakarudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka juma la nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Pyrantel ni ya bei nafuu na salama kwao, nayo hufanya kazi kwa minyoo ya mviringo. Ukiona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu, na inahitaji praziquantel. Tegu huyo huletwa na kiroboto ambaye paka amemmeza, hivyo kutibu tegu na kuwaacha viroboto ni kununua dawa ileile kila mwezi.

Kwa mtoto ambaye bado ni mdogo mno kwa dawa ya viroboto, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo, uanzie shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni, umchane kwa kitana chembamba cha chawa, umsuuze na kumkausha kabisa. Mkubwa anaweza kupata dawa ya fipronil iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, maana mayai na viluwiluwi wa viroboto hukaa huko na si mwilini.

Magamba mazito yanayoanzia ncha za masikio na kusambaa usoni ni upele wa paka, unaoambukiza na kuwasha hata watu, lakini hupona vizuri sana ukitibiwa. Mabaka ya duara yasiyo na manyoya huenda yakawa choa, ambayo nayo huambukiza watoto wa nyumba. Kwa macho yaliyogandamana kwa mafua, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, yapoe, kisha uyafute kwa pamba safi, kila jicho na pamba yake. Jicho lililofifia au kufumbwa siku nzima ni la daktari.

Chanjo ya mafua na panlukopenia, ambayo huja katika sindano moja, huanza katika majuma sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka juma la 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia majuma 12. Pesa zikitosha chanjo moja tu kwa paka mkubwa anayetoka nje, mimi huchagua ya kichaa cha mbwa, kwa sababu inamlinda yeye na watu wa nyumbani. Kwa mtoto anayeingia nyumba yenye paka wengine, panlukopenia nayo ni ya dharura.

Chakula

Ugali na mchuzi haumtoshi paka. Mwili wake umeumbwa kwa nyama, na bila taurini, kirutubisho kinachopatikana humo, moyo na macho yake hudhoofika. Omena ni chakula kizuri, cha bei ya watu, ila zichambuliwe mchanga na zichemshwe, kwa kuwa samaki wabichi wa jamii yake wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na moto hukiua. Zichanganye na matumbo au moyo wa ng'ombe uliochemshwa, badala ya samaki pekee kila siku. Mgongo wazi, yaani mabaki ya samaki yanayotoka viwandani baada ya minofu kuondolewa, una mifupa inayochoma koo, kwa hiyo chambua nyama iliyobaki umpe hiyo. Vitunguu visiwepo kabisa, vinaharibu damu yake.

Upasuaji wa uzazi

Paka huzaliana siku zinapokuwa na mwanga mrefu, na katika nchi za mbali na ikweta huwa na msimu wa kupumzika wakati wa baridi. Sisi ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, na mchana wetu una urefu uleule mwaka mzima, kwa hiyo paka jike wa hapa hana msimu wa kupumzika. Huweza kushika mimba akiwa na miezi minne, huibeba kwa siku kama 64, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Ndiyo maana nasema kwamba pesa za dawa kwa watoto watano wanaokuja zingetosha, au karibu kutosha, kumpasua mama yao mara moja.

Mwulize daktari bei yote kwa pamoja: usingizi, upasuaji, dawa ya maumivu na ukaguzi wa baadaye. Kumhasi dume ni kazi fupi na huwa rahisi zaidi kwa bei. Jike apasuliwe akiwa na miezi minne au mitano. Kwanza tazama kama hajapasuliwa tayari: kovu tumboni, au ncha ya sikio la kushoto iliyokatwa kwa mstari ulionyooka, ambayo ndiyo alama ya paka wa mtaani aliyekwisha kufungwa uzazi. Usikubali achomwe sindano ya kupanga uzazi ya akina mama kwa kuwa ni rahisi. Huleta usaha katika mji wa mimba na uvimbe wa matiti, na hapo upasuaji utakuwa wa dharura na wa gharama kubwa zaidi.

Paka mkubwa asile kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa mdogo fuata saa ambazo daktari atakupa, kwani njaa ndefu humshusha sukari. Akirudi, alale sakafuni penye joto mpaka usingizi umtoke kabisa, asipande juu ya meza wala ukuta. Ili asilambe mshono, fulana ya mtoto mchanga kutoka mitumba, ikikatwa matundu manne ya miguu, hufanya kazi sawa na kola ya kliniki. Tazama kidonda asubuhi na jioni kwa siku kumi hadi 14. Wekundu kidogo ni wa kawaida, lakini ukiona usaha, harufu au mshono uliofunguka, mrudishe kwa daktari siku hiyo.

Ukimpatia paka huyo makao mapya, mkabidhi mwenyeji kadi ya chanjo pamoja na ule ukurasa wa daftari wenye uzito wake na dawa alizopewa, na kabla hajaondoka mwandikie kwa mkono tarehe ya chanjo inayofuata na jina la daktari aliyemtibu.